Chuo Kidogo katika Mizani ya Vyuo Vingine

Kitenzi "kulinganisha" kina maana mbili zilizo jirani: kuvifanya vitu viwe sawa, na kuviweka pamoja ili tofauti zake zionekane. Wanaopima vyuo kwa tarakimu hukusudia maana ya pili, lakini mara nyingi hutenda ya kwanza: huvichukua vyuo visivyo na kimo kimoja, wakavitia katika safu moja kana kwamba vilikuwa sawa tangu awali. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa chuo kimoja cha Marekani, jinsi kosa hilo linavyotokea na namna ya kuliepuka.

Chuo cha Reed, mjini Portland katika jimbo la Oregon, kilianzishwa mwaka 1908. Kina wanafunzi wapatao 1,400, karibu wote wa shahada ya kwanza, na kila mmoja wao hana budi kuandika tasnifu kabla ya kuhitimu. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kina wanafunzi wa shahada ya kwanza zaidi ya 30,000. Tukiwahesabu wahitimu wa vyuo hivi ambao baadaye walipata shahada ya udaktari wa falsafa, Berkeley hukipita Reed kwa mbali. Tukiigawanya hesabu hiyo kwa idadi ya wahitimu wote, Reed ndicho kinachotangulia, nacho husimama pamoja na Swarthmore na Carleton karibu na kilele cha nchi nzima. Hapana mhitimu aliyeongezwa wala kupunguzwa; kilichoingia ni kigawanyo tu.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa uwiano humpendelea mdogo daima. Kipimo kingine ni sehemu ya wanafunzi wanaohitimu katika muda wa miaka sita. Katika kipimo hiki, Reed kwa miaka mingi kilikuwa nyuma ya Swarthmore na Carleton, ambavyo ni vyuo vya kimo chake. Hilo ni jambo ambalo chuo hakina haki ya kulificha. Lakini wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Na tarakimu nazo huundwa. Mwanafunzi anayehamia kwingine huhesabiwa kuwa hakuhitimu pale alipoanzia, hata akifaulu vema huko aendako. Tena, katika kundi la wanafunzi 350, kuondoka kwa 10 hushusha kiwango kwa karibu asilimia 3. Katika kundi la 7,000, watu hao hao 10 hawafikii hata asilimia 0.2. Kwa hiyo tarakimu ya mwaka mmoja ya chuo kidogo huyumba kwa sababu ambazo kwa chuo kikubwa hazionekani kabisa.

Mwaka 1995 Reed kilikataa kuendelea kupeleka tarakimu zake kwa jarida la U.S. News & World Report, ambalo huvipanga vyuo kwa daraja. Jarida halikukiondoa katika orodha. Lilikiteremsha kutoka robo ya pili hadi robo ya mwisho. Walimu walikuwa wale wale, na tasnifu ziliendelea kuandikwa.

Kutokana na mfano huu twaweza kutoa kanuni tatu. Kwanza, vyuo vya kulinganishwa vichaguliwe kwa ukubwa na shabaha zao, tena kabla ya matokeo kutazamwa. Pili, kila hesabu itajwe pamoja na kigawanyo chake. Tatu, tarakimu za chuo kidogo zikusanywe kwa miaka kadhaa ndipo hukumu itolewe.

Mambo haya hayatuhusu kwa mbali. Idara ya lugha yenye wanafunzi wachache hupimwa kwa mizani ile ile, na nafasi ya mwalimu yaweza kufutwa kwa ajili ya asilimia moja isiyoelezwa. Hatuombi idara ndogo zihurumiwe. Twaomba zipimwe sawasawa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.