Muuzaji akisema betri ni fiti, iulize kerneli

Umeweka akiba miezi saba, ukaenda mjini, ukarudi na kipakatalishi cha mtumba kwenye begi. Muuzaji alikuapia kwamba betri iko fiti, "masaa manne bila stress". Usiku wa kwanza stima zinapotea mtaani kwenu. Unacheka, kwa sababu wewe una betri. Dakika arobaini baadaye skrini inazima ghafla, na ile asainmenti uliyokuwa hujaihifadhi inaenda nayo.

Wengi wetu hapo huanza kulaumu chaja. Mimi nilibadilisha chaja mara mbili kabla ya kugundua kwamba jibu lilikuwa ndani ya mashine muda huo wote, limeandikwa kwa tarakimu, na halihitaji fundi wala programu ya kununua. Ikiwa kipakatalishi chako kinatumia Linux, iwe Ubuntu, Mint, Fedora au nyingineyo, fungua teminali uandike mistari hii miwili:

cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full_design
cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full

Namba ya kwanza ni nishati ambayo betri iliundwa kubeba ilipokuwa mpya. Ya pili ni ile inayoweza kubeba leo ikijaa kabisa. Yangu ilijibu 57000000, kisha 22800000. Hizo ni sehemu za milioni za wati-saa, kwa hivyo gawa kwa milioni moja: wati-saa 57 kwa betri mpya, 22.8 kwa betri niliyouziwa. Ni asilimia 40. Nilikuwa nimelipia betri nzima nikapewa chini ya nusu.

Kwa mashine nyingine folda huitwa BAT1, na nyingine hupima chaji badala ya nishati, kwa hivyo utakuta charge_full mahali pa energy_full. Andika ls /sys/class/power_supply uone yako inaitwaje.

Sasa tulia kidogo ufikirie ulichofanya. Betri ni kemikali na waya. Faili ni kitu unachohifadhi kwenye diski. Betri iligeuka faili vipi?

Unalijua lile duka la mtaani lenye vyuma mbele. Unasimama nje, unaona mkate, maziwa na unga kwenye rafu, lakini huingii kujichukulia. Unasema unachotaka kupitia kidirisha, mwenye duka anahesabu pesa zako, ananyoosha mkono kwenye rafu, anakupitishia. Ukiomba kitu ambacho hana, anakwambia hakuna, na huwezi kuruka vyuma kwenda kuhakikisha.

Tarakilishi yako imejengwa vivyo hivyo. Kivinjari, gemu, kicheza muziki, hata hiyo teminali, zote zimesimama nje ya vyuma. Ndani yuko mwenye duka, yaani kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Kerneli ndiyo inayogusa prosesa, kumbukumbu, skrini, feni na betri moja kwa moja. Na si suala la heshima tu. Prosesa yenyewe ina ngazi za ruhusa zilizochongwa ndani yake. Programu ya nje ikijaribu kutoa amri ya ndani, prosesa inagoma na kuripoti kwa kerneli, ambayo mara nyingi huiua programu hiyo papo hapo.

Kwa hivyo ujanja wote uko kwenye kidirisha. Wahandisi waliounda Unix kwenye maabara ya Bell kule Marekani walipenda wazo moja: vifaa vionekane kama faili, ili programu inayojua kusoma na kuandika faili iweze kuzungumza navyo. Wazo tamu, lakini mipangilio midogo midogo ya kifaa ilibaki kupitia njia ya pembeni inayoitwa ioctl. Humo programu hutuma namba ya amri, na kila aina ya kifaa ina namba zake. Ni kama kwenda dukani na badala ya kusema "nipe maziwa" unasema "nipe 21523". Njia hiyo ipo mpaka leo, na kamera na kadi za michoro zinaitumia sana. Kwa kijana aliyekaa na teminali tu, hata hivyo, haisaidii. Lazima kwanza upate programu inayozijua namba hizo.

Upande wa Linux kulikuwa pia na /proc, folda iliyokusudiwa kuonyesha habari za programu zinazoendelea kukimbia. Taratibu ikageuka stoo. Kila mwandishi wa draiva alitupa chake humo, kwa mpangilio aliopenda yeye. Linux 2.6 ilipotoka Desemba 2003 ilikuja na sysfs, kazi ya Patrick Mochel. Ni mti wa folda chini ya /sys, kila kifaa na folda yake, na sheria moja ninayoipenda sana: faili moja, thamani moja. Ndiyo maana ulipouliza betri ulipata namba tupu, bila jedwali wala maneno ya kuchambua. Na majina ya faili hizo hayabadilishwi ovyo, kwa sababu programu nyingi huko nje zinayategemea. Ndani ya kodi ya Linux kuna folda nzima, Documentation/ABI, inayoeleza kila faili inamaanisha nini.

Faili zenyewe hazipo kwenye diski. Andika ls -l ndani ya folda ya betri na utaona nyingi zinadai kuwa na baiti 4096, hata ile yenye tarakimu mbili tu. Huo ni ukubwa wa ukurasa mmoja wa kumbukumbu, umewekwa hapo kujaza nafasi. Maandishi yanatengenezwa pale unaposoma. Unapofungua faili, kerneli inaita kipande cha draiva, draiva inatafuta jibu kwenye kifaa, jibu linageuzwa tarakimu, unaletewa. Jaribu hii:

cat /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp

Ukipata 47000, gawa kwa elfu: ni nyuzi 47. Fungua video tatu kwa pamoja, subiri kidogo, soma tena. Hakuna mtu aliyehariri faili hiyo, lakini namba imepanda.

Kuandika nako kunafuata njia hiyo hiyo kwa kurudi. Kwenye mashine nyingi zenye michoro ya Intel, mwanga wa skrini uko hapa:

echo 300 | sudo tee /sys/class/backlight/intel_backlight/brightness

Kabla hujabonyeza, soma faili ya max_brightness iliyo kando yake ujue mwisho ni ngapi. Ukizidisha, utajibiwa "Invalid argument" na mwanga hautasogea. Kerneli iliyapokea maandishi yako, ikayageuza namba, ikaona hayafai, ikayarudisha. Hivyo hivyo mwenye duka anavyokurudishia noti iliyochanika. Na usiandike 0 kwa mzaha. Kuna mashine ambazo 0 inazima taa ya skrini kabisa, na utabaki ukiandika amri ya kujiokoa gizani.

Mbona nikaandika hiyo tee badala ya njia fupi? Kwa sababu njia fupi ilinikesha hadi saa nane usiku. Ukiandika sudo echo 300 > halafu jina la faili, utaambiwa "Permission denied" hata kama nywila yako ni sahihi. Alama ya > haishughulikiwi na sudo. Inashughulikiwa na sheli yako, kabla sudo haijaamka, na sheli yako ni mtu wa kawaida asiye na ruhusa. Echo amepewa cheo cha msimamizi, lakini si yeye anayefungua faili. Tee ndiye anayeifungua, kwa hivyo tee ndiye anayestahili cheo.

Kile kitelezi cha mwanga unachovuta kwa kipanya mwishowe hufikia hapo hapo. Huduma yenye ruhusa huandika namba kwenye faili hiyo kwa niaba yako, basi.

Turudi kwa betri, maana hapo ndipo pesa yako ilipo. Betri za lithiamu huzeeka haraka zaidi zikikaa zimejaa pomoni kwenye joto, na hayo ndiyo maisha ya kipakatalishi kilichochomekwa ukutani mchana kutwa. Kama mashine yako ni ThinkPad, au baadhi ya ASUS, huenda ukakuta faili inaitwa charge_control_end_threshold kwenye folda ya betri. Iandikie 80:

echo 80 | sudo tee /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold

Kuanzia hapo chaja inasimama kwenye asilimia 80. Kuna mashine zinazokumbuka mpangilio huo baada ya kuzimwa na kuna zinazosahau, kwa hivyo ukiwasha upya isome tena. Ikiwa imesahau, programu ya bure iitwayo TLP inaweza kukuandikia kila mashine inapowaka. Betri yangu ya asilimia 40 haikufufuka, usidanganyike. Lakini niliponunua nyingine niliiwekea kikomo siku ile ile.

Na kama faili hiyo haipo kwako, usijaribu kuiunda. Ndani ya /sys huwezi kutengeneza faili ya kwako, kerneli itakataa. Faili kukosekana ni jibu tosha: aidha kifaa hakina uwezo huo, au hakuna aliyeandika draiva inayojua kukiomba.

Kidirisha kikiwa kipana mno nacho ni noma. Mwanzoni mwa 2016 kulizuka kelele kubwa baada ya watu kuandika ile amri maarufu ya kufuta kila kitu, rm -rf /, wakidhani wanafuta diski tu. Chini ya /sys/firmware/efi/efivars kulikuwa na faili zinazowakilisha mipangilio ya programu tangulizi iliyo kwenye ubao wa mashine. Zilipofutwa, baadhi ya vipakatalishi vilikataa kuwaka tena, hata kwa diski mpya. Mashine zima, imekuwa tofali. Watengenezaji wa kerneli walizifunga nyingi za faili hizo zisifutike kirahisi, ukitaka kuifuta moja lazima kwanza uifungue kwa makusudi.

Hata kusoma tu kuliwahi kuleta balaa. Prosesa za Intel huhesabu nishati zinazotumia, na Linux ilikuwa ikiionyesha hesabu hiyo kwa mtu yeyote kupitia faili ya energy_uj. Nani atajali namba ya umeme? Novemba 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz nchini Austria, walionyesha kwamba kwa kufuatilia kupanda na kushuka kwa namba hiyo unaweza kukisia funguo za siri zinazotumiwa na programu nyingine. Shambulio wakaliita PLATYPUS. Leo ukijaribu kusoma faili hiyo bila sudo, unafungiwa mlango.

Simu yako ya Android nayo ina kerneli ya Linux ndani, na /sys yake ipo. Tofauti ni kwamba Google wameziba mianya mingi, na app ya kawaida haiwezi kuchungulia faili hizi inavyotaka. Inauliza Android, na Android ndiyo inayoamua iipe nini.

Sasa, kabla hujanunua kipakatalishi kingine cha mtumba: chukua flashi ya GB 8, iwekee Ubuntu nyumbani kwako au kwa rafiki mwenye intaneti. Ubuntu ina sehemu ya kujaribu mfumo bila kusakinisha chochote kwenye diski. Nenda nayo dukani, mwombe muuzaji kwa upole uwashe mashine kupitia flashi yako, fungua teminali, andika ile mistari miwili ya mwanzo. Unaweza kusoma pia cycle_count, idadi ya mizunguko ya chaji, ingawa betri nyingi hujibu 0 kwa sababu tu hazitoi habari hiyo. Kumbuka kerneli inakuambia inachoambiwa na betri, kwa hivyo iache mashine ikikimbia bila chaja robo saa huku mkibishana bei, usome capacity tena. Ikiwa ilisema 100 na sasa inasema 61, mwonyeshe muuzaji skrini kabla hujatuma M-Pesa.