Kununua Programu ya Kinu cha Unga

Ndugu mwenye kinu, kabla ya kununua programu ya kompyuta ya kuangalia ubora wa unga, mwombe muuzaji akuachie wiki moja uijaribu. Karani wako aandike kila gunia liingialo: limetoka kwa nani, na unyevu wake. Mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 huweza kuota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Ukambani.

Halafu chukua pakiti moja dukani. Je, programu yaonyesha mara moja ilitoka katika magunia gani, na pakiti nyingine za magunia hayo zimepelekwa wapi? Ikishindwa, mrudishie mwenyewe, hata ikiwa na rangi za kupendeza. Daftari na kalamu vitakufaa zaidi mpaka upate nyingine.