Milima ya Bonde la Ufa: rekodi zake na masikio yaliyozisikia

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo, ulipasuka, na ziwa la lava lililokuwa likitokota ndani ya kasoko yake kwa miongo kadhaa likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Kwa kawaida lava hutambaa. Mtu mzima anaiacha nyuma kwa kutembea tu. Hii ilikimbia kama gari kwenye lami, hadi kilomita 60 kwa saa kwenye miteremko ya juu, na hakuna lava nyingine duniani iliyowahi kurekodiwa ikienda kwa kasi hiyo. Siri yake ni silika. Nyiragongo ina silika kidogo mno, kwa hiyo lava yake haina uzito wa ugali. Ni nyepesi kama uji wa mgonjwa. Hesabu rasmi ilitaja watu wapatao 70 waliokufa. Wengine wanataja mamia.

Orodha nyingi za rekodi huishia hapo: mlima, kasi, idadi ya maiti, basi. Mimi kila nikisoma rekodi ya volkano za ukanda wetu najiuliza jambo jingine. Siku hiyo, nani alikuwa anasikiliza?

Maana mlima una sauti. Magma inapopanda hupasua mwamba, na mwamba ukipasuka hutoa tetemeko fupi, kali. Ikishapata njia, majimaji ya moto na gesi hupita kwenye mianya, na mlima huanza kutoa mtetemo mzito wa polepole ambao miguu ya binadamu haiutambui. Kipima mtetemo kinautambua. Kimoja kinakwambia kuna jambo. Ukiwa na vitatu au zaidi, unaanza kujua jambo hilo liko wapi, lina kina gani, na linaelekea kwa nani.

Kwa wingi wa milipuko, Afrika nzima haina mpinzani wa Nyamulagira, jirani wa Nyiragongo: zaidi ya mara 40 tangu 1885. Lakini Nyamulagira hutema mbugani, mbali na watu, kwa hiyo jina lake halitajwi sana mijini. Nyiragongo ndiyo yenye mji miguuni: Goma.

Tarehe 17 Januari 2002, lava iliingia Goma, ikakata katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya ndege. Watu wapatao 120,000 walipoteza makazi. Wataalamu wa Goma walikuwa wameona dalili kabla, ila walikuwa na vituo viwili tu vya mitetemo vilivyokuwa vikifanya kazi. Kwa vituo viwili unajua mlima una homa, lakini huwezi kuonyesha kidole pale panapouma.

Baada ya hapo mtandao ulijengwa upya. Kufikia katikati ya miaka ya 2010, Kivu ilikuwa na vituo vya kisasa vinavyotuma mitetemo Goma papo hapo. Kisha ikaja jioni ya 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tena.

Hiyo ndiyo ninayoiita rekodi ya ukimya. Watafiti waliporudia takwimu zote baadaye, walikuta dalili za wazi zikianza dakika 40 hivi tu kabla ya lava kutoka. Mlipuko wa mwaka ule una lawama zake zinazojulikana: ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo cha Goma cha kuchunguza volkano uliisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa wataalamu hawakuwa na intaneti ya kupokea takwimu, ikarudi wiki chache tu kabla ya balaa. Ni aibu, na ilistahili kusemwa. Ila hata masikio yakiwa wazi usiku na mchana, yangesikia nini? Magma haikuwa na safari ya kupanda. Ilikuwa imeshafika juu siku nyingi, imejaa ndani ya koni ya mlima, ikingoja ukuta uchoke. Ukuta ulipochoka, hakukuwa na mwamba mwingi wa kupasua, na kwa hiyo hakukuwa na kelele nyingi za kutangulia. Watu 32 walifariki. Lava ikasimama pembezoni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege.

Kelele zilikuja baadaye. Siku zilizofuata, vituo viliandika matetemeko kwa maelfu, na ramani yake ilionyesha magma ikisonga kusini, chini ya Goma yenyewe, kuelekea Ziwa Kivu. Aliyekuwa mjini wiki ile hakuhitaji chombo: kuta zilipasuka, barabara zikafunguka nyufa. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru mitaa kumi ihamwe, na watu karibu 400,000 wakaondoka, wengine Sake kwa miguu, wengine Bukavu kwa boti, wengine wakavuka mpaka kwenda Rwanda. Hofu ilikuwa ziwa, kwamba magma ingeifungulia gesi yake. Kivu limebeba ndani ya maji yake ya kina kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Magma haikutoka tena, na watu wakarudi.

(Kuna muuaji wa Goma ambaye hakuna kipima mtetemo kitakachomsikia: mazuku, kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, ikianza kuwaua watoto na mbuzi kwa sababu wako karibu na chini.)

Lava baridi kuliko zote ni ya Tanzania. Lava ya Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava za kawaida, nyeusi kama oili chafu, kisha hugeuka nyeupe ikikutana na unyevu. Ni volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina hiyo. Julai 2007 ardhi ilianza kutikisika chini ya mlima Gelai ulio jirani; tetemeko la tarehe 17, la ukubwa wa 5.9, liliwatoa watu wa Nairobi maofisini. Magma ya Gelai iliishia chini kwa chini. Lengai yenyewe ililipuka 4 Septemba, wiki saba baadaye.

Kwa ufa mkubwa, nenda Afar. Septemba 2005 huko Dabbahu, Ethiopia, magma ilijipenyeza kwa urefu wa kilomita 60 na kuitanua ardhi hadi mita 8 ndani ya wiki chache.

Na mlipuko mkubwa kuliko yote niliyoitaja haukuonekana kwa jicho. Mei 2018 watu wa Mayotte, kisiwa cha Bahari ya Hindi, walianza kutikisika vitandani, na tetemeko la 15 Mei lilifika 5.9. Vituo vya karibu vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole. Tarehe 11 Novemba mvumo wa ajabu wa zaidi ya dakika 20 ulizunguka dunia. Vyombo vya Kenya na Zambia viliunasa, vya Kanada na New Zealand pia, na hakuna binadamu aliyeuhisi. Meli ilipokwenda kupima mwaka 2019 ilikuta mlima mpya chini ya bahari, wenye kimo cha mita 820, mahali ambapo ramani za zamani hazikuwa na kitu. Ni miongoni mwa milipuko mikubwa zaidi ya chini ya bahari iliyowahi kurekodiwa.

Kenya ina rekodi za kimya. Satelaiti zilionyesha kwamba volkano ya Paka ilivimba kwa sentimita 21 hivi kati ya 2006 na 2007, na Longonot kwa sentimita 9 kati ya 2004 na 2006. Wachungaji walipita juu ya milima hiyo na mifugo yao kama kawaida.

Vituo vingi vya mitetemo vya ukanda huu havina ulinzi wa maana. Ni kisanduku kilichozikwa, betri, na paneli ya sola juu ya nguzo, na kote Kivu betri na paneli hizo zimeibwa mara kwa mara. Ewe msomaji wa Goma, wa Rubavu, wa Engaresero: ukiona paneli imesimama peke yake karibu na mlima, iache hapo, na ukimwona anayeipakia kwenye pikipiki, piga kelele.