Kufukuzana Si Kuachana: Mambo Ambayo Watu Wanakosea Juu ya Ndoa na Sheria



Kila mtu anayeishi kwetu, toka Baraka mpaka machimbo ya Misisi, anajua namna ndoa nyingi zinavyovunjika. Hazivunjiki kwa makelele. Bwana anaaga nyumbani, anasema: "Ninakwenda kutafuta dhahabu, nitarudi baada ya miezi mitatu." Miezi mitatu inakuwa mwaka, mwaka unakuwa miwili. Halafu habari inafika kwamba kule machimboni amekwisha kupata bibi mwingine. Yule aliyebaki na watoto anajiuliza: Mimi sasa ni nani? Nimeachwa ama ningali bibi yake? Na ile parsele tuliyonunua pamoja ni ya nani?

Wajomba wanamjibu hivi, majirani wanamjibu vile. Mara nyingi majibu hayo si ya kweli, na wanaoumia ni mama na watoto. Lakini inchi yetu ina sheria juu ya mambo haya. Inaitwa Kode ya Familia. Ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Basi, tupime pamoja maneno ambayo watu wanazoea kusema.

"Tulibarikiwa kanisani, inatosha"

Baraka ya kanisa ni kitu kikubwa mbele ya Mungu. Hata hivyo, mbele ya serikali, cheti cha kanisa peke yake hakifanyi ndoa. Sheria inajua milango miwili tu: ndoa inayofungwa katika jamaa kwa desturi, na ndoa inayofungwa mbele ya ofisa wa eta sivili. Ile ya jamaa nayo inapaswa kuandikishwa. Sheria inawapa bwana na bibi mwezi mmoja baada ya sherehe ili wafike katika ofisi. Kama haikuandikishwa, ndoa ni ya kweli kati yao wawili, lakini inakosa nguvu mbele ya watu wengine. Siku ya mabishano juu ya nyumba, ndugu za bwana watauliza, "Karatasi iko wapi?" Nawe utasimama mikono mitupu.

Ofisi haiko mbali sana. Katika mji iko kwenye komini. Katika vijiji iko kwenye sekta: Tanganyika, Mutambala, Ngandja ama Lulenge.

"Mali ikitolewa, binti amekwisha kuwa bibi, hata akiwa na miaka 15"

Hapana. Kode ya 1987 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa, na wazazi wengi wangali wanashika ile ya zamani. Lakini sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, ilikataza ndoa ya mtoto, na marekebisho ya 2016 yaliweka miaka 18 kwa kijana na kwa binti pia. Mali ni sehemu ya ndoa, sheria inaiheshimu. Hata hivyo haiongezi miaka ya mtoto. Wewe binti unayesoma hapa, mjulishe mama yako neno hili.

"Mali imerudishwa, basi ndoa imekwisha"

Hapa ndipo wengi wanapotea. Wazee wa pande mbili wanakaa, mbuzi wanarudishwa, feza inarudishwa, na kila mtu anaenda zake. Ama bwana anatupa sanduku la bibi inje na kusema, "Rudi kwenu." Kwa watu wa kijiji, wameachana. Kwa sheria, bado ni bwana na bibi. Ndoa iliyo ya halali inavunjwa na kifo, ama na hukumu ya tribunali. Si mjomba, si shefu wa kijiji, si mchungaji mwenye uwezo wa kutoa talaka. Mlango wa kwanza ni tribunali ya amani.

Kwa hiyo, bwana aliyefukuza bibi wake na kutoa mali mahali pengine hawezi kuandikisha ndoa ya pili. Sheria inakataza mtu kufunga ndoa mpya mbele ya kuvunja ile ya kwanza.

"Tumetengana miaka mingi, talaka imejifanya yenyewe"

Jambo hili linagusa sana watu wa Fizi. Vita vya 1996 vilitawanya jamaa zetu. Wengi walivuka ziwa mpaka Kigoma, wakaishi katika kambi ya Nyarugusu. Kuanzia mwaka wa 2005 meli zilirudisha wakimbizi toka Kigoma mpaka Baraka. Wengine walikuta bwana ama bibi amekwisha kujenga nyumba nyingine. Uchungu ule tunauelewa. Lakini miaka peke yake haivunji ndoa. Kutengana kwa muda mrefu kunaweza kumsaidia juji kuona kwamba ndoa imeharibika kabisa, wala haiwezi kutengenezwa tena. Walakini ni juji anayesema, si kalenda. Na kama mtu amepotea bila habari, sheria ina njia yake ya kumtangaza kuwa hayuko. Njia hiyo nayo inapita kwa tribunali.

"Mwanamke hawezi kushitaki bila ruhusa ya bwana"

Neno hili lina mizizi katika kode ya 1987, ambayo ilidai bibi apate ruhusa ya bwana kwa mambo mengi ya sheria. Marekebisho ya 2016 yaliondoa ruhusa ile. Bwana amebaki kichwa cha nyumba katika sheria, lakini wote wawili wanapaswa kusikilizana juu ya mambo yanayowafunga. Na kila mmoja, bwana ama bibi, anaweza kuomba talaka. Kama huna feza, uliza juu ya cheti cha umaskini.

"Parsele ina jina langu, na watoto ni wa mwenye kutoa mali"

Kama hamkuchagua njia nyingine siku ya ndoa, sheria inahesabu kwamba vile mlivyopata kwa kazi ndani ya ndoa ni vya ninyi wawili. Dhahabu iliyochimbwa Misisi ikanunua parsele Baraka, wakati mama analima mihogo na kulisha watoto, ile parsele ni jasho la wawili, hata kama karatasi ina jina moja.

Juu ya watoto, juji anatazama faida ya mtoto, hahesabu mbuzi waliotolewa. Baba na mama, hata wakiachana, wote wawili wanabaki na deni la kuwalea. Tena sheria inasema wazi kwamba kila mtoto Mukongomani anapaswa kuwa na baba, na inakataza kubagua mtoto aliyezaliwa inje ya ndoa. Wewe uliyezaa kule machimboni, mtoto yule ni wako.

Je, tunafundisha watu kuachana?

Hapana, ndugu. Bwana Yesu, katika Mathayo 19, alionyesha kwamba toka mwanzo haikuwa hivyo, na kwamba talaka ilitoka katika ugumu wa mioyo. Sheria ya inchi nayo haikimbilii kuvunja: juji anapaswa kwanza kujaribu kupatanisha bwana na bibi. Lakini soma pia Kumbukumbu la Torati 24. Hata zamani za Musa, mwanaume hakuruhusiwa kumfukuza bibi kwa mdomo tu. Alipaswa kuandika hati na kumpa mkononi. Na Boazi, alipotaka kumwoa Ruta, alikwenda mlangoni mwa mji, akaita wazee kumi kuwa mashahidi. Mungu anapenda mambo ya ndoa yafanyike mwangani, ili aliye mzaifu asidanganywe.

Basi, mwezi huu fanyeni hivi. Ninyi mlio na ndoa ya jamaa ama ya kanisa tu, chukueni mashahidi wenu mwende kuandikisha. Cheti kitunzeni pamoja na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, mbali na maji na panya. Vijana, kabla ya kuweka siku ya arusi, ulizeni siku ya eta sivili. Wazee wa kanisa, msipokee mtu anayesema "niliachana" bila kumuuliza, "Hukumu iko wapi?" Na wewe baba uliye machimboni, mwenye nyumba yako kando ya ziwa: bibi yako si mjane, na watoto wako si mayatima. Rudi, ama tuma neno. Wanakungojea.