Msafiri na Nyumba Aiachayo Nyuma

Ufikapo mwezi wa Desemba, shule zifungwapo na upepo wa kaskazi uanzapo kuvuma, watu wengi wa Mchafukoge hufunga mizigo. Huyu huenda Tanga kuwaona wazee wake, yule huvuka kwenda Unguja, na wengine hushika njia ya Kilwa na Lindi kuhudhuria arusi za jamaa zao. Safari ni neema, na kuunga udugu ni ibada. Lakini twaona kwamba wengi wetu hushughulika mno na nguo zitakazovaliwa huko twendako, wala hatuziulizi nafsi zetu: nyumba hii tuiachayo nyuma, twaiacha katika hali gani?

Nyumba za wazee wetu zilipoa kwa upepo uliopita madirishani. Mwenye kusafiri alizima taa yake ya mafuta, akamwagia maji makaa ya jikoni, akatia komeo, akaenda zake. Leo Mchafukoge ni mtaa wa maghorofa. Familia nyingi hupanda ngazi moja. Ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na dari ya huyu ndiyo sakafu ya mwenziwe. Joto la kaskazi nalo limetufanya tutegemee mapangaboi, viyoyozi na majokofu. Kwa hiyo kosa la mtu mmoja haliishii mlangoni mwake.

Dini yetu haikulinyamazia jambo hili. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) asimulia kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari hiyo, aliwaambia Masahaba kwamba moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime walalapo. Na katika hadithi ya Jabir (r.a.) aliwaagiza wafunge milango, wafunike vyombo na wazime taa, kwa sababu panya aweza kuuburura utambi akawaunguza watu wa nyumba. Tazameni, ndugu zetu, jinsi Mtume wa Mwenyezi Mungu alivyoangalia hata utambi na panya! Basi ikiwa mtu aliyelala ndani ya nyumba yake ameamrishwa kuuzima moto, je, aliyeko mbali nayo kwa safari ya siku nzima?

Haya hatuyasemi kwa kusikia tu. Miaka kadhaa iliyopita tulisafiri kwenda Tanga kwa arusi ya binti wa ndugu yetu. Usiku wa kuamkia safari joto lilikuwa kali, tukalala na kiyoyozi kikienda. Kabla ya alfajiri umeme ulikatika. Tuliamka tumechelewa, tukatoka mbio kuliwahi basi. Na kwa kuwa kiyoyozi kilikuwa kimenyamaza, hapana aliyekumbuka kukizima. Tena tulikuwa tumekiunganisha kwa ekstensheni nyembamba, tuliyoinunua kwa ajili ya urahisi wa bei yake.

Umeme uliporudi, kiyoyozi kiliamka chenyewe, kikafanya kazi mchana na usiku katika chumba kitupu. Siku ya pili waya ule ulipata moto, ukayeyuka, na godoro lililokuwa karibu likaanza kufuka moshi. Orofa ya juu yetu alikaa mama mmoja na mwanawe mwenye maradhi ya pumu. Mtoto yule alishushwa ngazi mgongoni, akihangaika kupata pumzi. Vijana wa jengo walikata umeme kwenye mita, wakavunja mlango wetu, wakaumwagia maji moto ule. Ufunguo wetu ulikuwa mfukoni mwa kanzu, Tanga.

Tuliporudi, mtoto alikuwa amekwisha pata nafuu, Alhamdulillahi. Baba yake alikuja mlangoni petu, akatutaka radhi kwa kuvunja komeo. Yeye ndiye aliyetutaka radhi! Hatukuwa na neno la kumjibu. Kila jioni tulikuwa tukimfundisha mwanawe chuoni haki za jirani.

Tangu siku ile tumejiwekea desturi, nasi twapenda kuwashirikisha wasomaji wetu. Yafaa mambo haya yafanywe jana ya safari, kwani mwenye haraka husahau.

Kwanza, viyoyozi na mapangaboi. Kuzima kwa rimoti si kuzima. Chombo huwa bado kinapokea umeme. Kizimeni kwenye swichi yake ya ukutani, na vyombo vingine vyote vichomoeni. Umeme ukikatika kabla ya kutoka, msidanganywe na ukimya. Kagueni kila swichi kana kwamba umeme upo. Wala kiyoyozi au jokofu lisiunganishwe kwa ekstensheni, hata siku ambazo mpo nyumbani, maana waya mwembamba hauwezi kuuchukua mzigo huo.

Pili, jokofu. Mwenye kwenda kwa muda mrefu na alitoe vitu vyote, aliache barafu iyeyuke, alifute likauke, kisha auache mlango wazi kidogo lisiote ukungu. Hapo aweza kuzima swichi kuu ya nyumba nzima. Mwenye kuacha nyama na samaki ndani akitumainia umeme wa LUKU, uniti zikimwishia atarudi kwenye uvundo. Na chakula kilichomo kisitupwe. Mtume (s.a.w.) alimwusia Abu Dharr (r.a.) azidishe maji katika mchuzi wake apate kuwakumbuka majirani, basi sisi, tutatupa samaki mzima ilhali jirani yupo?

Tatu, jiko. Mtungi wa gesi ufungwe juu penyewe, si kwenye jiko peke yake. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini sakafuni. Mkirudi mkasikia harufu yake, msiwashe taa wala kiberiti. Fungueni madirisha kwanza. Makaa, chetezo cha udi na dawa ya mbu ya kuchoma vimwagiwe maji mpaka viwe baridi.

Nne, maji. Fungeni mabomba, mkafunike mapipa. Na ile ndoo iwekwayo chini ya mpira wa kiyoyozi kupokea matone imwagwe na kufudikizwa. Homa ya dengi iliusumbua mji huu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu wake hutaga katika vyombo kama hivyo. Yai lake laweza kuwa mbu arukaye kwa muda wa siku 10 hivi au pungufu. Msafiri wa wiki mbili, aliyeacha ndoo yake na maji, amewafugia majirani maradhi.

Tano, ufunguo. Mpeni jirani mwaminifu ufunguo mmoja pamoja na nambari ya simu, na mwonyesheni ilipo swichi kuu. Wako watakaosema, "Nitampaje mtu ufunguo wa nyumba yangu?" Twawajibu kwa mwendo wa Mtume (s.a.w.) mwenyewe: alipohama Makka alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) nyuma yake ili azirudishe amana za watu, na aghalabu wenye amana hizo walikuwa katika wale wasiomwamini. Uaminifu ndio uliowafunga watu wale naye. Ikiwa hatuna hata jirani mmoja wa kumwekea ufunguo, basi tuna kazi kubwa zaidi ya kuitengeneza kuliko waya.

Nanyi vijana wetu, kazi hii ni yenu. Baba ashughulikapo na mizigo na mama awavalishapo wadogo zenu, kijana mmoja na ashike kalamu na karatasi, apite chumba hata chumba, aandike: swichi, mtungi, bomba, ndoo, ufunguo. Wengi wenu mwakumbuka usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko kuu la Kariakoo lilipoungua, hapo ng'ambo ya Mnazi Mmoja, na mali ya watu wengi ikateketea. Moto hauchagui mwenye kosa na asiye na kosa.

Dua ya safari tuliyofundishwa yamtaja Mwenyezi Mungu kuwa ndiye Mwenzi wetu njiani na Mwangalizi wa tuliowaacha nyumbani. Ni dua kubwa, na yatupasa kuisoma. Lakini yule mtu aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, aliambiwa amfunge, kisha atawakali. Basi nasi tuzime kwanza, kisha tuombe.

Mwenyezi Mungu atulindie nyumba zetu na za majirani zetu, atufikishe salama tuendako, na aturudishe tukiwa hatuna deni la mtu. Amin.