Seva ya nyumbani Nyakiriba: anza kwa kupiga hesabu ya umeme unaokatika

Taa za uani ziwake zenyewe jua likizama, pampu isimame tangi likijaa, simu ikuamshe taa ya joto ya vifaranga ikizimika usiku: kazi hizo zote huweza kusimamiwa na kompyuta ya bodi moja inayoenea kiganjani. Programu inayotumika sana kwa kazi hizo, Home Assistant, ni ya bure. Ilianzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, na tangu 2024 iko chini ya wakfu wa Open Home Foundation. Pesa zako zinakwenda kwenye vifaa, na hapo ndipo mnunuzi wa Nyakiriba anapaswa kuwa makini.

Kwanza, kwa nini uwe na seva yako? Balbu na soketi nyingi za Wi-Fi hupokea amri kupitia seva za kampuni iliyozitengeneza, zilizo mbali na hapa. Intaneti ikikatika, ratiba na amri za simu huweza kukwama ingawa umeme upo. Seva ya nyumbani hutoa amri ndani ya nyumba yako, na vifaa vya Zigbee, yaani vinavyowasiliana kwa redio ya masafa mafupi, huzungumza nayo bila kupitia intaneti kabisa. Utahitaji intaneti tu kwa taarifa za kukufikia ukiwa Gisenyi mjini au Kigali.

Miongozo mingi ya ununuzi huandikwa kwa watu ambao umeme wao haukatiki. Hapa kwenye milima ya Rubavu mvua huja na radi, na milima ya mashariki ya Congo iliyo jirani ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: umeme ukizimika ghafla, kifaa hiki kitaamka salama?

Njia nne za kuanza

Raspberry Pi 4, kompyuta ya bodi moja yenye memori ya GB 4. Ilipozinduliwa mwaka 2019 iliuzwa dola 55. Kwa kazi za taa, pampu na vihisi inatosha na kubaki. Inatumia chaja ya volti 5 na ampea 3. Lakini bodi pekee haifanyi kazi: ongeza chaja, kasha, na diski ya SSD pamoja na waya wake, na jumla itapita dola 100 kabla ya usafiri na forodha.

Raspberry Pi 5 ya GB 4. Ilitoka mwaka 2023 kwa dola 60. Ina kasi zaidi, ila inataka chaja ya ampea 5. Ukiipa chaja ya ampea 3 hupunguza umeme unaopelekwa kwenye tundu za USB, na SSD huweza kukosa nguvu. Ina maana ukiwa na kamera kadhaa; kwa nyumba ya kawaida utalipia kasi usiyoitumia.

Home Assistant Green. Ilitoka mwaka 2023 kwa dola 99. Huja na kasha, chaja, memori ya GB 4, hifadhi ya GB 32 iliyounganishwa ndani, na programu ikiwa imeshawekwa. Inatumia volti 12, na hiyo ni faida kubwa hapa kwetu, kama tutakavyoona.

Laptopu ya zamani. Ikiwa ipo kabatini na betri yake bado inashika chaji, gharama ya kuanzia ni sifuri, na betri hiyo ndiyo UPS yako, yaani akiba ya umeme ukikatika. Ina diski yake, skrini na kibodi.

Bei za dola hapo juu ni za siku ya kuzinduliwa. Kuanzia mwisho wa 2025 bodi za Raspberry Pi zimepandishwa bei kwa sababu memori imepanda duniani kote, kwa hiyo dai bei mpya ya Kigali pamoja na kodi kabla ya kulinganisha. Epuka Pi Zero 2 W iliyozinduliwa kwa dola 15: memori yake ya MB 512 haitoshi kwa Home Assistant.

Cash Power itakula kiasi gani?

Kifaa kinachowaka saa 24 hulipiwa kila mwezi. Katika bei zilizotangazwa Januari 2020 na RURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za umma, nyumba inayopita uniti 50 kwa mwezi ilitozwa faranga 249 kwa uniti kabla ya VAT ya 18%, yaani karibu 294. Tukitumia faranga 300 kwa uniti kama mfano tu:

- Raspberry Pi na SSD, wati 5: uniti 3.6 kwa mwezi, faranga 1,080.
- Home Assistant Green, wati 3: uniti 2.2, faranga 650 hivi.
- Laptopu ya zamani, wati 15 skrini ikiwa imezimwa: uniti 10.8, faranga 3,240.

Tofauti kati ya laptopu na Pi ni faranga 2,160 kwa mwezi, karibu 26,000 kwa mwaka. Laptopu ya bure ni nafuu kwa miaka kadhaa ya mwanzo; ukikaa nayo muda mrefu zaidi, bodi ndogo huweza kuishinda. Bei ya umeme hubadilika, basi chukua risiti yako ya mwisho na uweke bei yake mahali pa ile 300.

Gharama zisizoandikwa kwenye boksi

Kadi ya memori. Wauzaji wengi huuza Pi pamoja na kadi ya microSD. Home Assistant huandika kumbukumbu muda wote, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi huweza kuharibika pamoja na mipangilio yako yote. SSD ndogo huvumilia zaidi. Hata hivyo weka nakala ya mipangilio nje ya kifaa, kwenye simu au flashi.

Umeme wa akiba. UPS ndogo za ruta hutoa volti 12, na Green huchomekwa moja kwa moja. Betri ya mAh 10,000 ya volti 3.7 hubeba saa-wati 37. Ukiondoa kinachopotea njiani hubaki karibu 30. Green na ruta zikila wati 10 kwa pamoja, utapata saa 3. Kwa Pi mambo ni magumu zaidi, kwani tundu la volti 5 la UPS nyingi hizo halifiki ampea 3. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kulipa, na usisahau ruta: seva inayowaka bila ruta haikuletei taarifa.

Radi. Nunua kizuizi cha mshtuko wa umeme na hakikisha nyumba ina waya wa ardhini unaofanya kazi. Pampu na taa za joto zifungwe na fundi mwenye kibali cha RURA, kwa swichi yenye ampea za kutosha. Pampu huvuta umeme mwingi inapoanza. Kila taa ibaki na swichi yake ya ukutani.

Kuiona nyumba ukiwa mbali. Huduma ya Home Assistant Cloud ni dola 65 kwa mwaka. Programu ya Tailscale hufanya kazi hiyo bure kwa matumizi ya nyumbani, ukikubali kujifunza kidogo.

Uamuzi

Mwenye laptopu nzima aanze nayo leo, na pesa zake azipeleke kwenye kipokezi cha USB cha Zigbee na vihisi viwili vitatu. Anayenunua kipya na hapendi kuchezea mipangilio achukue Home Assistant Green na UPS ya volti 12: ukijumlisha kila kitu, bei yake haitofautiani sana na ya Pi 4 iliyokamilika, na umeme ukikatika ndiyo iliyo rahisi kuilinda. Pi 4 ni ya anayetaka kujifunza, mradi anunue na SSD. Na ikiwa fedha hazitoshi kwa bodi na UPS pamoja, subiri mwezi mmoja uvinunue vyote. Kwa Nyakiriba, bodi bila akiba ya umeme ni pesa iliyowekwa mahali pabaya.