Joho la Portia, kigoda cha Milanzi

Anayetaka kuona bibi na mjakazi wake wakiwachezea shere waume zao kwa Kiswahili fasaha, Mwalimu Nyerere alikwisha kumrahisishia kazi. Tafsiri yake ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na harufu ya enzi hizo imo kwenye jina lenyewe: mfanyabiashara kageuka bepari.

Tukiitaja tamthilia hii tunakimbilia ratili ya nyama. Mimi hunivuta mavazi. Portia, binti tajiri, anamtuma mtumishi wake Balthasar kwa binamu yake mwanasheria aliyeko Padua, akalete nguo za kisheria. Kisha anatinga mahakamani kiume, na jina analojiita ni Balthasar. Tajiri kaazima jina la mtumishi! Nerissa, mjakazi, yuko ubavuni pake kama karani. Waume zao wamo humohumo na hawashtuki. Kesi ikiisha, wanaombwa zawadi ya pete walizoapa kutozivua, nao, baada ya kusitasita, wanazitoa. Usiku nyumbani wanaulizwa pete ziko wapi. Hapo ndipo penye kicheko.

(Na enzi za Shakespeare wanawake hawakupanda jukwaani London. Kwa hiyo ni mvulana aliyeigiza mwanamke anayejifanya mwanamume.)

Mtoe Nerissa, hila yote inaanguka. Hila ya namna hii haifiki popote bila mtu wa ndani.

Wafipa wanalijua hilo, ila simulizi yao haichekeshi. Husimulia kwamba mfalme wa Milanzi, hapa jirani na mji wa Sumbawanga, alikwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake wageni kutoka mbali, nao walioachiwa nyumba wakawapa kigoda cha enzi wakalie. Mgeni apewe nini kama si kiti? Mfalme kurudi, utawala umeshahama. Ukoo wa Watwa, uliotokana na wageni hao, ukatawala Ufipa, baadaye ukagawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Milanzi ikabakiwa na heshima ya matambiko.

Joho halikuvaliwa, jina halikuazimwa. Ulitosha ukarimu wa mwenyeji.

Walimu wa sanaa wa Sumbawanga, siku mkichoka na Venice, wekeni kigoda kile jukwaani. Na yule aliyekisogeza kwa mgeni, mpeni maneno mengi kuliko mfalme.